Mkataba wa barabara usomwe kwa Kiswahili cha Nyangwe

Redio za Kiswahili zimetufanyia isimu bila kujua. Mpango wa China wa kujenga njia duniani zinauita "Ukanda Mmoja, Njia Moja". Reli inayopigiwa debe na Marekani na Ulaya, ya kutoa madini Kolwezi hadi bandari ya Lobito nchini Angola, zinaiita "Ukanda wa Lobito". Kwa Kifaransa mmoja ni mshipi wa kiunoni, mwingine ni ujia wa ndani ya nyumba, na kila mmoja ana wapambe wake. Kiswahili kimewavalisha wote ukanda uleule. Mimi naona watafsiri wamelenga.

Tazameni reli yenyewe. Upande wa Angola ilijengwa upya na Wachina baada ya vita. Mwaka 2022 ikakabidhiwa kwa miaka 30 kwa kampuni za Trafigura, Mota-Engil na Vecturis. Marekani ikaahidi mkopo wa dola milioni 553, na Desemba 2024 Rais Biden akafika Lobito mwenyewe. China nayo imegeukia mashariki kuifufua TAZARA, kilomita 1,860 ambazo iliwajengea Tanzania na Zambia miaka ya 1970. Shaba ni ileile, kobalti ni ileile. Kinachogombaniwa ni itokee bahari ipi.

Kwetu Nyangwe hakuna shaba. SNCC, kampuni ya reli ya taifa, ndiyo yenye njia ya Kolwezi hadi mpakani Dilolo, na ndiyo yenye njia ya Kindu hadi Kongolo. Ya kwanza inazungumzwa Washington na Brussels. Ya pili iliwekwa na Wabelgiji kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapita ukingo wa kushoto wa Lualaba, Kibombo na Samba. Sisi tuko ukingo wa kulia, na hata walio karibu nayo husahau mlio wa treni.

Wenzangu wa Maniema hulalamika kwamba tumesahauliwa. Sikubaliani nao kabisa. Nyangwe ilishakuwa kwenye ukanda, na ukanda wenyewe ulifanya kazi vizuri sana kwa wenye nao. Kiswahili tunachokisoma katika kitivo hiki kilifika Lualaba pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwepo Nyangwe watu wa misafara walipofyatua risasi sokoni, siku ya soko, wanawake wamejaa na bidhaa zao. Waliokufa wakakadiriwa kuwa kati ya 300 na 400. Kwa hiyo mimi siulizi njia itafika lini. Nauliza kama tutajua kilichoandikwa kabla haijafika.

Hilo nalo lina historia hapa. Mwaka 1876 Stanley alipatana na Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, amsindikize kuushuka mto kupita Nyangwe. Stanley aliandika kwa Kiingereza: dola 5,000 kwa vituo 60. Tippu Tip akasimulia mapatano hayohayo kwa Kiswahili katika habari za maisha yake, na masimulizi hayo mawili hayalingani. Alibaki na kinyongo kwamba Stanley hakutimiza aliyoahidi. Na huyo alikuwa mtu mwenye bunduki, mali na watu. Mkulima wa mpunga wa Kasongo atadai haki yake kwa karatasi gani?

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kampuni moja na wakazi wa eneo letu. Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Mfasiri, kijana mwema aliyekuwa na haraka, akakutana humo na maneno matatu: "construction", "réhabilitation" na "entretien". Yote matatu akayasema "kutengeneza barabara". Hakudanganya. Katika Kiswahili chetu kutengeneza ni kuunda kipya, na pia ni kurekebisha kilichoharibika, na pia ni kuweka kitu sawa. Lakini kwenye karatasi la kwanza ni barabara ambayo haikuwepo, la pili ni kufufua ya zamani, na la tatu ni kufyeka majani na kuzibua mifereji. Kwa gharama, ni kama kulinganisha nyumba na ufagio. Wazee walipiga makofi kwa ajili ya nyumba. Sehemu kubwa ya karatasi ilikuwa inaahidi ufagio.

Sasa fikirini mkataba wa Sicomines wa 2008, madini kwa miundombinu, uliorekebishwa 2024 ukafikishwa dola bilioni 7, hasa za barabara. Kila neno "barabara" linapotokea humo, lina kitenzi kando yake. Nataka watu wakijue hicho kitenzi.

Katiba ya 2006, ibara ya 142, inaiagiza serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60. Amri ya serikali ya 2011 inataka mikataba ya maliasili itangazwe hadharani, nayo ndani ya siku 60. Ibara inataja sheria, amri inataja mikataba. Ninachodai ni kuunganisha hayo mawili, na mikataba ya barabara na reli iingizwe humo. Najua hata ibara yenyewe haifuatwi. Nani kati yenu amewahi kushika Kanuni ya Madini ya 2018 kwa Kiswahili? Ndani yake mna asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi inayopaswa kwenda kwa maendeleo ya wakazi. Watu wa Namoya, kule Kabambare kwenye dhahabu, ndio wa kwanza kustahili kuisoma.

Mwalimu wangu mmoja ananiambia istilahi zipo tayari Dar es Salaam: ujenzi, ukarabati, matengenezo. Shikamoo yake, lakini hapo hapo ndipo pabaya. Ukisema "ukarabati" sokoni Nyangwe utaulizwa ni chakula gani. Na "matengenezo", ambayo Tanzania humaanisha "entretien", ni mtoto wa kitenzi kilekile kilichotupoteza mkutanoni. Tuache kutafuta neno moja. Tuandike nani atafanya nini, lini, mara ngapi: "Kampuni itafyeka majani na kuzibua mifereji mara mbili kwa mwaka, kwa miaka kumi. Haitaweka lami."

Mwaka huu kila tasnifu ya tafsiri katika kitivo chetu ingeweza kuchukua mkataba mmoja uliotangazwa, na kuujaribu mbele ya wasikilizaji kabla ya kuufikisha mbele ya majopo. Mimi nimeanza na kurasa za barabara. Nahitaji wenzangu wawili wanaosema Kibangubangu na Kizimba, kwa sababu wazee wengi, Kiswahili kikiwashinda, hurudi huko kuulizana.