Kioo Kitiicho Swichi

Upo ufundi wa vioo ambao wajengao afisi na mahoteli Visiwani hawana budi kuupima kwa makini. Ni kioo chenye utando wa vitone vya fuwele za majimaji, ulioendelezwa katika Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, miaka ya 1980. Umeme ukipita, fuwele hujipanga na kioo huwa angavu; ukikatika, huwa cheupe kama maziwa, na hapo hufaa hata kuwa kiwambo cha kuonyeshea picha.

Ufundi huo wastahili sifa. Hata hivyo, inafaa ieleweke kwamba weupe huo hutawanya nuru tu, na sehemu kubwa yake huingia ndani pamoja na joto. Huficha watu, hauzuii jua. Tena, uangavu wake hutegemea umeme wakati wote, na umeme wa Unguja, kwa sehemu kubwa, huletwa na waya upitao chini ya bahari kutoka bara. Nani aliyesahau giza la Mei 2008, au lile la Desemba 2009 hadi Machi 2010?

Hatusemi kioo hicho kikataliwe. Hospitali na vyumba vya mikutano vyahitaji sitara. Lakini kabla ya fedha za umma kutolewa, wahusika waulize: chanunuliwa kwa ajili ya sitara au kupunguza joto? Kama ni joto, kuta nene za mawe na madirisha ya mbao ya Mji Mkongwe vimekwisha kutoa jibu, pasipo swichi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.