Umeme Shingoni mwa Mbwa

Wapo watu huko Njiru, mashariki ya Nairobi, waliojenga nyumba kwa jasho lao kando ya barabara ya Kangundo, na kila usiku hulala sikio moja likiwa langoni. Wezi wapo, hilo halina ubishi. Mtu asiye na mshahara wa kumlipa bawabu hufuga mbwa, wala hapana awezaye kumlaumu. Lakini mbwa asiyefunzwa ni mzigo. Humbwekea mchuuzi wa maji, hukimbiza mbuzi wa jirani, na aitwapo haji. Ndipo mwenyewe huambiwa kwamba dawa iko dukani, nayo ni kola ya umeme.

Chombo hiki ni ukanda wenye betri na vijiti viwili vya chuma vinavyogusa ngozi ya shingo. Bwana wa mbwa hushika kidude mkononi. Akikibonyeza, umeme hupita baina ya vijiti na mbwa hushtuka. Kipo kingine kisichongoja mkono wa mtu: mbwa akibweka tu, humchoma chenyewe. Kwa nini mtu afuge mbwa wa ulinzi, kisha anunue chombo cha kumkataza kubweka, mimi sielewi.

Wauzaji husema kwamba maumivu yenyewe ni kidogo, kama mtekenyo. Ikiwa ni mtekenyo, mbona mbwa huliacha jambo alipendalo? Kimfanyacho aache ni uchungu au hofu. Visipokuwapo vyote viwili, chombo hakifai kitu. Haiwezekani kukiuza chombo kwa sababu kinatisha, na papo hapo kukisifu kwa sababu hakiumi.

Wengine hutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kweli, lakini methali imesema kumkunja, haikusema kumchoma.

Tena mbwa haelezwi sababu. Pavlov, mtaalamu wa Kirusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa huunganisha mambo mawili yanayokutana kwa wakati mmoja: akisikia sauti iliyozoea kutangulia chakula, mate humtoka hata kabla ya chakula kuonekana. Uchungu nao huunganishwa vivyo hivyo. Fikiri, msomaji, mtoto aliyevaa sare ya shule anapita langoni asubuhi. Mbwa anabweka, na bwana wake anabonyeza. Mbwa hajui kwamba kidude kimo mfukoni mwa bwana wake. Ajualo ni kwamba kila apitapo mtoto, shingo yake huungua. Siku lango litakaposahauliwa wazi, ni nani atakayelipia elimu hiyo?

Na ubaya hauishii hapo. Mwaka 1967, huko Marekani, Seligman na Maier waliwapiga mbwa umeme wasioweza kuuzuia kwa namna yoyote. Baadaye waliwaweka mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungetosha kuwaokoa. Wengi wao hawakuruka. Walilala chini wakivumilia. Mlinzi aliyevunjwa moyo namna hiyo atamzuia mwizi gani?

Nakubali kwamba mshtuko waweza kumsimamisha mbwa anayekimbilia barabarani, na mwenye kumpenda mbwa wake aweza kuuona kuwa ni wokovu. Lakini swali ni kama hapana njia nyingine. Mwaka 2020, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walitangaza matokeo ya jaribio la mbwa 63 wenye tabia kama hizo. Baadhi walifunzwa kwa kola, na wafunzi waliochaguliwa na watengenezaji wa kola wenyewe. Wengine walifunzwa kwa tuzo. Wale wa tuzo waliitikia amri vizuri sawa na wa kola, au upesi zaidi.

Wala hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Morogoro, nchini Tanzania, shirika la APOPO huwafunza panyabuku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, kwa mlio mdogo na kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kwa kazi yake. Ikiwa panya hufunzwa kazi ya hatari kama hiyo kwa ndizi, mbwa, aliyeishi na binadamu maelfu ya miaka, ashindwe kuitika kwa nyama?

Wales ilikwisha kupiga marufuku kola hizi tangu mwaka 2010. Hapa Kenya, Sura ya 360 ya sheria zetu hukataza kumtesa mnyama na kumtia hofu. Mwenye kubonyeza na aisome sheria hiyo, kisha atuambie kidude chake hufanya kazi gani nyingine.

Mapafu ya ng'ombe huuzwa buchani kwa bei nafuu. Yakatwe vipande vidogo; mbwa aitwe jina lake jioni, lango likiwa limefungwa, na kila ajapo apewe kimoja. Dakika kumi zatosha kwa siku, na mtoto wa nyumba aweza kuifanya kazi hiyo mkubwa akiwa karibu.