Bushi zinaisha kila msimu Vingunguti: Tatizo ni barabara, spea au fundi?

Pita Vingunguti siku ya Jumapili asubuhi. Hutakosa kuona gari liko juu ya jeki mbele ya nyumba, tairi imelazwa pembeni na mtu yuko chini anapambana na nyundo. Mara nyingi kinachobadilishwa ni kitu kidogo tu: bushi.

Wengi wanaona ni kubana matumizi, basi. Lakini bushi inayoisha kila baada ya miezi michache ni habari kubwa kuliko spana na nati. Inagusa magari tunayoagiza, barabara tunazopita na usalama wa abiria.

Bushi inafanya nini?

Ni mpira uliokaa kati ya vyuma viwili. Unapunguza mtikisiko na kuushika mkono wa chini wa tairi (mafundi wanauita wishiboni) ubaki sehemu yake.

Mpira ukichanika, chuma kinagonga chuma. Dalili zake madereva wanazijua: sauti ya "ko ko" kwenye matuta, usukani kuvuta upande mmoja ukishika breki, tairi kulika ndani au nje tu. Hapo gari linaanza kwenda linakotaka lenyewe, na ukikata kona kwa kasi ndiyo balaa.

Gari la zamani, mpira wa zamani

Chukua Toyota IST, gari linaloonekana kila kona ya Dar. Toleo la kwanza lilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007. Maana yake hata la mwisho kutoka kiwandani lina zaidi ya miaka 15. Mpira unazeeka hata gari likiwa limepaki tu.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8. Tanzania haijazuia, inatoza: gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Mnunuzi akishamaliza kulipa bandarini, mfuko umetoboka. Hela ya kubadilisha mipira yote ya chini haipo tena. Anaanza kutembea na kilichopo.

Barabara nayo ina mchango wake

Vingunguti inapakana na bonde la Mto Msimbazi. Masika yakianza, maji yanakaa kwenye mitaa na kuficha mashimo. Dereva haoni shimo mpaka tairi imeshazama.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA tangu 2017, na barabara kuu ziko TANROADS. Gari hilo hilo linatoka kwenye lami ya Nyerere, linaingia kwenye makorongo ya mtaani na kurudi tena, mara kumi kwa siku. Bushi haiangalii barabara ni ya nani.

Dereva wa mtandaoni anabeba mzigo

Mwaka 2022 kulikuwa na mvutano mkubwa kuhusu kamisheni. LATRA iliweka ukomo wa asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo. Ilirejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi asilimia 25.

Mjadala ulikuwa nani anachukua kiasi gani kwenye nauli. Gharama ya kulitunza gari haikupewa uzito huo, na yote inabaki kwa dereva au mwenye gari. Siku gari liko gereji, hesabu ya bosi bado inadaiwa. Ndiyo maana kazi inafanywa usiku au Jumapili, haraka haraka, nyumbani.

Unaweza kubadilisha mwenyewe?

Bushi za stabilaiza, ndiyo. Nyingi zinashikwa na bolti chache tu. Za wishiboni ni kazi nyingine, zinahitaji mashine ya presi. Ukiamua kufanya, zingatia haya:

- Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi za chuma. Tofali linapasuka ghafla, halitoi onyo.
- Usichome mpira wa zamani kwa moto. Moshi wake ni sumu na joto linaweza kudhoofisha chuma.
- Usipake grisi wala oili. Vinaharibu mpira. Tumia maji ya sabuni.
- Kaza bolti za mwisho gari likiwa limekanyaga chini. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, mpira unajikunja na kuchanika mapema. Hapa ndipo bushi mpya nyingi zinapokufa.
- Kapime alaimenti baadaye. Bila hivyo, pesa uliyookoa italiwa na tairi.

Kama huna pa kupata presi, nunua wishiboni nzima yenye bushi zake. Ni bei zaidi, ila unakwepa kazi ya nyundo inayopinda chuma.

Kwa hiyo kosa ni la nani?

Ni la wote watatu, ila kwa uzito tofauti. Barabara mbovu inaua bushi taratibu. Spea feki na ufungaji mbaya vinaiua ndani ya wiki. Kupambana na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani (FCC), na viwango ni vya TBS. Lakini dukani mnunuzi anapewa kipande cha mpira kisicho na jina na kuambiwa "hii og, kaka." Risiti yenye jina la bidhaa ingempa mahali pa kuanzia kudai.

Fundi wa gereji bubu naye ndiye anayeshika usalama wa abiria mkononi. Akiwezeshwa kupata presi ya pamoja na mafunzo mafupi, mtaa mzima unafaidika. Kumfukuza barabarani hakutapunguza hata bushi moja.

Kwa sasa, ukisikia "ko ko" usiongeze sauti ya redio. Kagua.