Kura Yako, Mama, na Amani ya Nyumba

Mwezi huu tuzungumze siasa, ingawa wengi wetu husema hayo ni mambo ya akina baba.

Hapa Nyalikungu tumeyaona. Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya Maswa yalichukuliwa na CHADEMA. Mwaka 2015 yakarudi CCM. Wabunge walibadilika, lakini jirani tunayeazimana naye sufuria za msiba ni yule yule.

Yuko mume anayekusanya kadi za kura za mke na mabinti, akazifungia sandukuni, kisha siku ikifika anaelekeza alama iwekwe wapi. Mke hunyamaza ili nyumba itulie. Hiyo si amani, ni hofu. Kituturi kimewekwa ili uingie peke yako. Mume, mzee wa kanisa na balozi wote hubaki nje. Asiyeona au asiyejua kusoma husaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, wala si lazima awe mume. Ukiulizwa nyumbani, jibu kwa heshima: "Baba Masanja, kura ni siri. Hata yako sitaiuliza."

Siri hiyo hulinda hata ujirani. Kule Pemba, baada ya uchaguzi wa 1995, chama cha kila mtu kilijulikana, na watu wakasusiana maduka, hata mazishi. Januari 2001 watu waliuawa katika maandamano, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ilikuwa Julai 2010 ndipo Wazanzibari, kwa asilimia 66.4 ya kura ya maoni, walipokubali serikali ya umoja wa kitaifa. Miaka 15 ya kununiana!

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 nao uliacha misiba katika miji kadhaa ya nchi yetu, na sasa tunaambiwa akina mama tutunze amani kwa kukaa kimya. Someni 1 Samweli 25. Abigaili hakukaa kimya. Alipakia mikate na zabibu kavu juu ya punda bila kumwambia Nabali, akamwendea Daudi aliyekuja na watu kama 400 wenye panga, akasema naye mpaka wakarudi.

Kama yupo mfiwa wa Oktoba mtaani kwako, nenda ukakae naye mkekani. Msikilize. Usimuulize mwanawe alikuwa wa chama gani.