Hadithi za kisayansi zinataka ukurasa

Leo tuache siasa kidogo. Nataka tuongelee hadithi za kisayansi, zile za vyombo vya angani, mashine zinazofikiri na watu wa karne zijazo. Kila nikisema kwamba nazisoma, na kwamba najifunza kuziandika kwa Kiswahili, hakosekani wa kunicheka. "Hayo mambo ya Wazungu bwana. Andika mapenzi, ndiyo yanauza." Mimi nabisha, tena kwa ushahidi.

Shaaban Robert alituandikia Kusadikika mwaka 1951. Nchi hiyo iko wapi? Iko angani! Katama Mkangi, mtu wa pwani ya Kenya, alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo Dzombo anasafiri kwa chombo cha angani hadi Walenisi, jina ambalo ukilitamka polepole linakwambia "wale ni sisi". Na tukiacha vitabu, tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza mahsusi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Sasa nani anasema anga si letu?

Tatizo letu mimi naliona kwingine. Tunazisoma hizi hadithi, halafu tukishika kalamu tunahamia New York. Shujaa anaitwa Jack, mvua inanyesha kwenye maghorofa, na mwandishi mwenyewe hajavuka Rufiji. Ndugu msomaji, kusoma si kunakili. Chukua Parable of the Sower ya Octavia Butler. Kitabu kilitoka 1993, na hadithi yake inaanzia mwaka 2024 huko California, ambako maji yanauzwa ghali kuliko petroli. Butler hakuhitaji roketi kututisha. Alichukua mambo aliyokuwa akiyaona mtaani kwao, akayasukuma mbele miaka thelathini, kisha akauliza: mtu wa kawaida atakula nini, atalala wapi, atamwamini nani? Huo ndio ufundi wenyewe. Badilisha jambo moja, kisha ulifuate mpaka jikoni.

Hebu tujaribu hapa hapa Kilwa. Songo Mnara kuna magofu ya mji wa mawe uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ukishuka kwenye mashua unapita kwenye mikoko, unakuta jumba la kifalme, misikiti mitano na nyumba zaidi ya thelathini za mawe ya matumbawe. UNESCO iliuweka mji huo pamoja na Kilwa Kisiwani kwenye urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikauingiza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ukatolewa 2014. Mawimbi yanayokula ufukwe ni miongoni mwa maadui wake.

Wengi wetu tukifika pale tunaandika habari moja tu: zamani tulikuwa wakubwa. Sawa, tulikuwa. Lakini mwandishi wa hadithi za kisayansi auulize mji ule maswali mengine. Ingekuwaje bahari ikipanda mita moja, na bamvua ikaingia mpaka msikitini? Wenye kisiwa watahama, au watajenga juu ya maji? Jirani, kisiwa cha Songo Songo, gesi iligunduliwa 1974 na ikaanza kuzalisha umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004. Ingekuwaje siku kisima cha mwisho kinakauka? Nani atabaki na mabomba, nani atabaki na giza? Hapo humhitaji Jack. Unamhitaji nahodha, muuza samaki na bibi anayejua maji yanajaa saa ngapi.

Na lugha tunayo. Neno chombo limebeba jahazi karne nyingi na leo linabeba roketi bila malalamiko. Nahodha ni nahodha, baharini au angani.

Basi umeandika. Unapeleka wapi? Hapa ndipo kwenye uchungu. Majarida ya Kiingereza ya fani hii yapo mengi na yanalipa. Mwaka 2019 chama cha waandishi wa huko Marekani, SFWA, kilipandisha kiwango chake cha malipo ya kitaalamu hadi senti 8 za dola kwa neno. Hadithi ya maneno 4,000 ni dola 320. Kijana wa Lindi akisikia hivyo, utamlaumu akiacha Kiswahili?

Kwetu zipo tuzo, na nazipongeza. Kuna iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ile ya Mwalimu Nyerere chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, ikianza na riwaya na ushairi. Lakini mtu haanzi na riwaya jamani! Anayejifunza anahitaji kutuma hadithi fupi, ikataliwe, aambiwe kwa nini, atume nyingine. Mimi mwenyewe nimetuma na kurudishiwa, na mhariri mmoja aliyenijibu kwa mistari mitatu alinifundisha kuliko vitabu viwili.

Mashindano yanazaa watu. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wa habari wa Zanzibar, alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, na hapo Bwana Msa akaingia nchini. Bila mahali pa kutuma, pengine tusingemjua.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Wahariri wa magazeti, mnatoa kurasa nzima kwa hadithi za mapenzi za mfululizo. Tupeni ukurasa mmoja kwa mwezi, maneno 1,500, wenye masharti yanayoeleweka na jibu hata kama ni hapana. Na wewe unayeandika, soma masharti kabla hujatuma, heshimu idadi ya maneno, mpe mtu akusomee kwa sauti, baki na nakala. Ikirudi, irekebishe uitume kwingine. Andika kwanza kwa Kiswahili. Kiingereza utatafsiri baadaye ukitaka hizo dola.

Maana miaka mia ijayo ya pwani hii itaandikwa tu. Tukikaa kimya ataiandika mtu ambaye hajui bamvua ni nini, na wajukuu zetu watajisoma humo kama wageni.

Nyie mnasemaje?