Mlima Unatembeza, Haupimi Presha

Siku za soko, akina mama wa vijiji vya Choma na Ruvuma, kwenye Milima ya Uluguru, huteremka alfajiri kuelekea Morogoro mjini, mabeseni ya mboga kichwani. Wamo bibi wenye wajukuu wakubwa, na mteremko wanaushuka bila kuhema. Wa mjini wakiwaona husema wazee wa Uluguru hawaugui, mlima umewatosha. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ni nusu tu, na nusu iliyobaki inaua.

Tuanze na ukweli wake. Watafiti waliwahi kufuatilia watu 209 wa Morogoro Vijijini waliohamia Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na kuwapima tena baadaye. Mwaka mmoja baada ya kuhama, wanaume waliokuwa wakifanya shughuli za kutoa jasho walikuwa wameshuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na wanawake kutoka 37.8 hadi 15.6. Uzito nao ulipanda kwa zaidi ya kilo mbili. Hawa hawakuwa wazee, walikuwa na umri wa miaka 15 hadi 59. Ila uzee huanza kujengwa hapo. Mwili uliozoea jembe na kilima, ukihamia kwenye kiti na daladala, hubadilika upesi.

Sasa nusu ya pili. Kati ya 1992 na 1995 vifo vya kiharusi vilihesabiwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, kwa watu wa miaka 15 hadi 64. Morogoro Vijijini ilikuwa na nafuu kuliko kwingine: kwa mwaka, vifo 35 kwa kila wanaume 100,000 na 27 kwa wanawake, wakati Dar es Salaam ilikuwa na 65 na 88. Lakini Uingereza na Wales walikuwa na takriban 11 na 9 tu. Maana yake, hata huku kwenye hewa safi na vilima, kiharusi kiliua mara tatu zaidi. Watafiti walielekeza kidole kwenye presha isiyotibiwa.

Hapo ndipo imani ya mlima inapotuponza. Presha haiumi. Mzee anayepanda shambani kila siku hujiona mzima mpaka asubuhi moja mkono unakataa kuinuka na mdomo umekwenda upande. Na hata aliyepimwa akapewa vidonge, wengi huvinywa kama dawa ya malaria: dozi ikiisha na kichwa kikitulia, basi amepona. Presha haina dozi ya kumaliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo wanaosema mzee ametumika vya kutosha, akae apumzike. Heshima hiyo ni njema, lakini kumkalisha barazani kutwa nzima ni kumnyang'anya miguu yake. Shirika la Afya Duniani linawashauri wazee watembee au wafanye shughuli za wastani dakika 150 au zaidi kwa wiki, na wenye miaka 65 na kuendelea wafanye pia mazoezi ya uwiano wa mwili na nguvu angalau siku tatu. Kwa mstaafu wa mjini hiyo ni nusu saa ya kutembea siku tano, bodaboda ikiachwa. Nyumbani, ainuke kitini mara kadhaa bila kujisukuma kwa mikono, kisha asimame kwa mguu mmoja akiwa ameshika mwimo wa mlango. Kwa bibi wa mlimani ushauri ni tofauti: mzigo mzito kwenye mteremko huumiza magoti, kwa hiyo mjukuu abebe beseni, bibi aubebe mwili wake.

Chakula nacho kimo humu humu. Maharage, dagaa, mayai na maziwa ya mbuzi wa Mgeta hulinda misuli inayopungua kwa umri. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyokwisha kuwamo kwenye chakula.

Lakini nidhamu ya mtu mmoja haitoshi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilimtambua mzee kuanzia miaka 60, na sensa ya 2012 ilihesabu wazee takriban milioni 2.5. Kwa sehemu kubwa huduma tunazowapa zinawasubiri dirishani hospitalini, wakati presha haimpeleki mtu hospitalini mpaka imeshaharibu. Halmashauri zipeleke mashine ya kupimia kwenye magulio, misikiti na makanisa, na zahanati za milimani zisikaukiwe vidonge vya presha.

Nawe msomaji, kama una mzazi Kinole, Matombo au Kihonda, mpeleke akapimwe mwezi huu hata kama anakushinda kupanda kilima. Akiandikiwa dawa, hakikisha haziachi.