Palikuwa Patupu Tu
KIBARAZANI, na Mzee Kibaraza

Jumanne asubuhi Mzee Kibaraza alitoka kwake kwenda kumsaka fundi bomba (wasomaji wa safu hii wanamfahamu, ni yule wa "kesho saa nne") akakuta uwanja wa mtaa umevaa mabati. Mabati ya bluu, mapya, yamezunguka pande zote nne, na langoni yameandikwa kwa rangi nyekundu maneno ambayo kila mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuyasoma hata usingizini: ENEO HILI HALIUZWI.

Kweli haliuzwi. Limeshauzwa.

Ndani alikuwamo kijana mwenye futi kamba na ndoo ya chokaa, anachora mistari palepale ambapo jana yake palikuwa na goli la mawe mawili. Kijana wa adabu. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mnajenga nini?" "Fremu za maduka, mzee." "Na uwanja?" Kijana akatazama huku na huku, kama mtu aliyeulizwa habari za ng'ombe asiyewahi kumwona, kisha akasema kwa upole: "Mzee wangu, si palikuwa patupu tu?"

Mzee Kibaraza hakujibu. Alirudi nyumbani bila fundi, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na Mama Watoto anasema tangu siku hiyo chai inapoa mbele yake bila kuguswa. Neno "patupu" limemkwama kooni kama mwiba wa changu.

Patupu! Alfajiri pale hupita wazee wa shinikizo la damu, wakizunguka raundi sita walizoandikiwa na daktari na kuhesabu nne. Mchana mama ntilie huweka benchi chini ya mwarobaini. Saa kumi jioni watoto huingia na chandimu, na mpira ukiangukia kwa Mzee Kibaraza haurudi mpaka mfungaji aje mwenyewe kuomba radhi. Msiba ukitokea, turubai hufungwa hapo. Binti akiolewa, turubai lilelile, muziki tofauti. Mvua kubwa ikinyesha, maji ya mtaa mzima hukusanyika pale na kuzama taratibu ardhini badala ya kubisha hodi sebuleni. Hata sebule ya Mzee Kibaraza yenyewe haina kazi nyingi kiasi hicho.

Kiswahili chenyewe kinamkatalia kijana yule. Mlango ukiachwa wazi, hakuna anayesema mlango ni mtupu. Sufuria inakuwa tupu, mtungi unakuwa mtupu. Uwanja unakuwa wazi. Na ukifungua ramani ya mpango mji utakuta pameandikwa "eneo la wazi", nayo ni matumizi ya ardhi kama yalivyo makazi, shule na zahanati. Mtaa huu ulipimwa miaka ya 1970, enzi za miradi ya viwanja iliyozaa Sinza na Kijitonyama. Aliyepima aliacha uwanja kwa makusudi. Hakuusahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye daladala.

Hapa safu itachepuka kidogo, kama kawaida yake. Mpango mji wa Dar es Salaam wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza, uliyagawa makazi ya mji kwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Ujazo mdogo ni Uzunguni, wa kati ni Uhindini, mkubwa ni Uswahilini. Katikati ziliachwa njia za upepo, ili upepo wa bahari upite na watu wasipite. Kabla ya hapo Mnazi Mmoja palikuwa pamesafishwa kuitenga Kariakoo na Uhindini. Basi mkoloni akaacha uwanja ili watu wasichangamane, na watu wakaujaza kwa mikutano ya TANU. Leo Mnara wa Uhuru umesimama hapohapo. Maneno ya ujazo nayo hayajaondoka: dalali akikwambia "mzee, kiwanja hiki ni cha ujazo mdogo", shika mfuko.

Msomaji mmoja wa kudumu, yule anayeandika kila wiki kulalamika kwamba safu hii haipendi maendeleo, ameshachukua kalamu. Atasema mji unakua. Unakua kweli: sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu wapande juu, nani amekataa? Mzee Kibaraza hana ugomvi na ghorofa. Ugomvi wake ni na mji unaobana pasipotakiwa na kutanuka pasipotakiwa. Kariakoo, viwanja vilivyokatwa kwa ajili ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita sasa vimebeba maghorofa, na uchochoro ni uleule. Wakati huohuo mji unakimbilia Chanika na Bunju kwa nyumba moja moja, kila moja na ukuta wake na mbwa wake. Kisha wote tunakutana kwenye foleni kulaumiana.

Barcelona walishapita huko. Mwaka 1859 mhandisi Ildefons Cerdà alichora mitaa yenye majengo pande mbili tu za kila kitalu na bustani katikati. Wenye viwanja wakaona bustani, wakasema patupu, wakajenga pande zote nne na ndani pia. Kuanzia miaka ya 1980 jiji hilo limekuwa likizikomboa nyua hizo moja baada ya nyingine.

Sisi tuna Bonde la Msimbazi. Watani wa jadi wa soka wote wawili wamebeba majina ya huko, Jangwani na Msimbazi, na kwa kuwa wasomaji wanaijua timu ya Mzee Kibaraza, hapa atanyamaza. Bonde nalo lilionekana patupu, likajazwa nyumba. Desemba 2011 mto ulirudi kwake, makumi ya watu wakafa, na waliookoka wakapelekwa Mabwepande kuanza upya. Sababu ni moja na haihitaji semina: pawazi hapana mwenye hati mkononi, na kwetu pasipo na mwenye hati huhesabiwa pasipo na mtu.

Ijumaa balozi wa nyumba kumi alipita na karatasi, akagonga kila mlango. Wananchi wote wanaombwa kuhudhuria mkutano wa hadhara wa mtaa Jumapili saa kumi jioni, kutoa maoni kuhusu mabati. Mzee Kibaraza alivaa miwani atafute mkutano utafanyika wapi. Mahali, karatasi imesema: uwanjani, kama kawaida.